Gari la Jirani Linaonekana Dogo

Ukutani, juu ya meza ninayoandikia, nimebandika tangazo la gari. Msinifikirie vibaya, si la Benz wala Prado. Ni tangazo la Nissan Sunny la mwaka 1970, la kwao Japani, nililolichapa kwa wino mweusi pale kibandani Gerezani ninapofanya kazi ya fotokopi. Maneno yake makubwa ni sentensi moja tu, na kwa Kiswahili ni hivi: gari la jirani linaonekana dogo.

Basi, hayo tu. Hakuna "injini madhubuti", hakuna "wahi sasa", hakuna namba tatu za simu za mawakala. Aliyeiandika sentensi ile alikuwa anaijua mitaa. Alijua kwamba mtu akishanunua gari hasimami kulitazama la kwake, anasimama dirishani kulitazama la mwenziwe. Mimi nina miaka ishirini na minne, kidato cha nne nilimaliza, na riwaya ninayo ya kurasa mia mbili na kumi, madaftari matatu, haijafika popote. Siku nilipoielewa sentensi ile niliionea kijicho. Kurasa mia mbili na kumi, na huyu Mjapani kaumaliza mtaa mzima kwa maneno matano!

Mnaweza kuuliza binti wa Buguruni kaingiaje kwenye matangazo ya Kijapani. Niliingizwa na sauti ya mwanamke. Kila aliyepanda IST au Vitz hapa mjini amemsikia: dereva akiwasha gari tu, mama wa Kijapani anasema jambo, kwa upole, kisha ananyamaza. Dereva mmoja anayeniletea karatasi zake nimchapie humwitikia "marahaba". Siku moja nikamuuliza dalali wa magari, kaka mmoja aliyewahi kuishi Yokohama miaka sita: hivi huyu mama huwa anasemaje? Akacheka. "Anasema kadi haijaingizwa." Kadi gani? Kadi ya kulipia barabara kuu za kwao, zile ambazo mtambo unasoma kadi garini na unapita bila kusimama. Yaani gari limevuka bahari, limebadilishwa namba, limegongwa Ubungo na kunyooshwa kwenye gereji bubu Tandale, na mama wa watu bado anadai kadi ya barabara za Japani.

Nilicheka, lakini usiku nikawa nawaza. Kama gari bado linasema lililofundishwa kule, je, wale walionunua magari haya yalipokuwa mapya waliambiwa nini? Walisikia neno gani mpaka wakatoa fedha? Ndipo nikaanza kutafuta matangazo ya zamani kwenye simu, na yale yasiyoeleweka nikawa nampelekea kaka yule wa Yokohama, ambaye kwa soda moja ya baridi anatafsiri kurasa tatu.

Ngoja niwaeleze huyo jirani ni nani, maana ana jina. Mwaka 1966 Japani ilikuwa imeandaa Olimpiki ya Tokyo miaka miwili kabla, na familia za kawaida zilikuwa zinaota vitu vitatu: gari, kipoza hewa na televisheni ya rangi. Aprili mwaka huo Nissan wakatoa gari dogo la injini ya cc 988. Jina hawakulitunga wenyewe. Waliwaachia wananchi wapendekeze, na mapendekezo zaidi ya milioni nane yakamiminika. Lililoshinda ni Sunny. Hebu fikiria, jina la gari linagombaniwa kwa karatasi milioni nane, na wengi wa walioandika walikuwa hawajawahi hata kushika usukani. Mimi nasema hilo lilikuwa tangazo kubwa kuliko yote, maana mtoto uliyeshiriki kumpa jina huwezi kumpita njiani bila kumtazama.

Mwaka huohuo, haujaisha, Toyota wakaja na Corolla. Ilikuwa na cc 1,077. Tangazo lao likazitambia hizo cc mia za ziada. Mia! Chupa ndogo ya dawa ya kikohozi ina ujazo huo. Lakini mtu aliyekwisha kununua Sunny, akirudi jioni amechoka, anaipita Corolla ya jirani na anajua moyoni kwamba amepungukiwa chupa moja ya dawa ya kikohozi. Nissan walikaa na kidonda hicho miaka mitatu na ushee. Januari 1970 wakatoa Sunny mpya, cc 1,171, kubwa kwa umbo, na ndipo wakaandika ile sentensi yangu ya ukutani. Corolla hawakuitaja hata kwa herufi moja. Kila mtu alijua. Toyota nao hawakulala, mwaka uleule wakatoa Corolla mpya, na ugomvi ukaendelea.

Hapo kwenye kutotaja ndipo niliponaswa. Sisi tunaoanza kuandika tunapenda sana kutaja. Tukitaka msomaji ajue kwamba mtu ana wivu tunaandika "alikuwa na wivu sana", tena tunagongelea na alama ya mshangao. Hawa wamelifanya gari la mtu lisinyae bila kulitaja jina.

Si kwamba matangazo yao yote yalikuwa ya utulivu. Mwaka 1981 Honda walichukua bendi ya Waingereza, Madness, wakawachezesha kwa vituko kutangaza kigari kiitwacho City. Miaka michache baadaye Isuzu wakaenda Paris na Gemini zao, magari mawili yanacheza dansi sambamba barabarani, yanapishana, yanageuka pamoja kama maharusi, na ndani yake ni madereva wa kweli, si ujanja wa kompyuta. Mshikaji mmoja wa kijiweni aliangalia ile ya Isuzu mara kumi na moja kwenye simu yangu, bando likaisha. Mimi hainiamshi kitu. Naitazama kama ninavyotazama sarakasi, nikimaliza nakunja mkeka.

Sasa, Sunny hiyo ya 1970 ilipouzwa nchi za nje iliitwa Datsun 1200. Ilikuwa na ndugu yake wa kubeba mizigo, pikapu, iliyotoka mwaka 1971, na ambayo Wajapani waliendelea kuiunda hadi mwaka 1994, Afrika Kusini hadi 2008. Na hapo ndipo habari hii inapoingia uani kwetu, kwa sababu pikapu hiyo tunayo. Imepandishwa juu ya matofali chini ya mwembe tangu mwaka 2016, dingi alipofariki.

Baba alikuwa seremala. Pikapu aliinunua mwaka 1989 kwa mtu aliyekuwa anabebea samaki, na bodi lake la nyuma lilikuwa limeliwa na chumvi, ukiweka mguu unatokea chini. Fedha ya bati hakuwa nayo, lakini mbao alikuwa nazo. Akaling'oa lile bovu akajenga la kwake, la mninga, kwa vipande vilivyokuwa vinabaki kwenye kazi za watu. Ukilitazama kwa karibu unaona mbao hazifanani rangi: hapa kuna kabati la mwalimu fulani, pale kuna mlango wa msikiti. Mlango wa nyuma aliutia nakshi ya maua mawili, bila sababu yoyote, sijui trafiki walikuwa wanamwonaje.

Kazi yake kubwa ilikuwa vitanda. Kwa miaka mingi, Buguruni, Vingunguti, mpaka Tabata huko, harusi nyingi zilianza na kitanda kupita mtaani juu ya Datsun ile, kimefungwa kamba, godoro juu yake, na mtoto mmoja amelala juu ya godoro kulishikilia lisipeperuke. Mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Mji huu nimeujua kwanza nikiwa chali: nyaya za umeme, minazi, ghorofa zikipita kinyumenyume, na akina mama wanapiga vigelegele kila tunapokata kona, maana kitanda kikipita kila mtu anajua kinaenda wapi na kufanya nini.

Pikapu hiyo sasa ina wateja wawili. Wa kwanza ni vijana wa vyuma chakavu, wanapita na guta lao kila Jumamosi. Wamekadiria kama kilo mia saba, wanatoa laki nne na nusu, mbao wanasema tubaki nazo tukapikie. Wa pili tuliletewa na kaka wa Yokohama. Alipoiona pikapu akanyamaza, akaizunguka mara mbili, akapiga picha, akazituma kwa mtu Nairobi anayekusanya magari ya zamani. Jioni hiyohiyo jibu likaja. Milioni tatu.

Kaka yangu mkubwa aliposikia milioni tatu alikaa chini. Ana watoto watatu shuleni na paa la nyumba ya mama linavuja vyumba viwili. Ana haki ya kukaa chini. Mimi ndiye niliyepewa simu nizungumze na mteja, kwa kuwa ndiye ninayejua habari za magari hayo. Alikuwa mstaarabu sana. Alijua mambo mengi kuliko mimi, hata aina za kabureta. Kisha akasema, "Dada, hiyo mbao tutaitoa kwanza. Tunatafuta bodi lake halisi. Tunairudisha vile ilitoka kiwandani." Akanitumia na picha ya tangazo la zamani la pikapu ile, ili nione itakavyokuwa.

Niliitazama picha ile muda mrefu. Gari safi, linang'aa, bodi tupu. Halijawahi kubeba kitu.

Jamani, sitaki mdhani nawadharau wapenzi wa magari ya zamani. Ugonjwa wao naujua, nami ninao. Chukua habari ya Ken na Mary. Septemba 1972 Nissan walitoa Skyline mpya. Skyline iliyotangulia ilikuwa imeshinda mbio makumi kwa makumi, na mtu angetarajia waitangaze hii kwa vikombe na moshi wa matairi. Badala yake wakaleta vijana wawili, Ken na Mary, mtu na mpenzi wake, wanasafiri Japani nzima. Wanaendesha, wanasimama, wanatazama mandhari, wanaondoka. Wimbo wa tangazo uliimbwa na vijana wawili waliojiita Buzz, na ukapendwa kama wimbo wa kawaida. Fulana za Ken na Mary zikavaliwa. Katika safari zao walifika chini ya mti mmoja mrefu huko Biei, kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kabisa, na mpaka leo watu wanafunga safari kwenda kuutazama. Mti! Unaitwa mti wa Ken na Mary.

Skyline hizo ziliuzwa zaidi ya laki sita, na Wajapani wenyewe hawaziiti kwa namba ya kiwandani. Wanaziita Kenmeri, majina ya wapenzi wale wawili yameunganishwa. Ile ya kasi zaidi, GT-R ya mwaka 1973, ziliundwa 197 tu, kanuni mpya za moshi zikaikatisha. Leo ukiipata ujue umeshika bei ya nyumba.

Nimeyatazama matangazo yale usiku mwingi, na ninachowaambia ni kwamba hakuna kinachotokea. Ken na Mary hawagombani. Hawachelewi popote. Petroli haiwaishii, na wala hatuambiwi kwao ni wapi. Kwa kanuni tulizofundishwa shuleni, mgogoro, kilele na suluhisho, hiyo si hadithi kabisa. Lakini kuna kijana wa Kijapani aliyezaliwa miaka ishirini baada ya tangazo lile kutoka, ambaye leo anakesha na spana chini ya Kenmeri yenye kutu, na mimi namwelewa. Hanunui chuma. Anautaka ule mchana, barabara tupu, mtu wako kando yako, na mwaka ambao wewe ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo hukuharibu kitu.

Na kwao mapenzi hayo yanagharimu. Gari jipya la mtu binafsi Japani linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi wenyewe si wa bei ndogo. Zamani ilikuwa kali zaidi, kwani hadi mwaka 1995 gari lililozidi miaka kumi lilipaswa kukaguliwa kila mwaka. Tena gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake inapanda. Ndiyo maana wengi wanaachana na magari yangali mazima, yanapakiwa melini, nasi tunayasubiri bandarini. Wanaobaki ndio Wamarekani wanaowawinda, maana sheria ya Marekani inaruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia hata kama halikuundwa kwa masharti yao, na Skyline zinakwenda huko kama karafuu. Kwa hiyo mzee wa Japani anayebaki na gari lake la 1972 analipa faini ya mapenzi kila mwaka. Mzee wa Buguruni anayebaki na la kwake hana la kununulia jingine. Ukiwapiga picha watafanana, wazee wawili, magari mawili, kila mmoja na tambara lake la kufutia vumbi, lakini mmoja amechagua.

Au baba naye alichagua? Hilo ndilo linalonisumbua. Kulikuwa na miaka ambayo angeweza kununua Toyota Stout ya mtu, alikuwa na fedha, na mama anashuhudia. Hakununua. Alikuwa mtu wa Datsun, na udatsun wake haukutoka kwenye karatasi. Alikulia Korogwe, enzi zile mashindano ya Safari yakiwa bado yanaingia Tanzania, na alikuwa na hadithi yake aliyoirudia mpaka tukawa tunamalizia wenyewe: jinsi walivyolala porini kando ya barabara, watoto wa kijiji kizima, na alfajiri vumbi likatangulia kabla ya gari, kisha mlio, kisha matope usoni, na kabla hujafungua macho limeshapita. "Hamkuliona?" tulikuwa tunamuuliza. "Tuliliona sana," anasema. "Lilikuwa Datsun."

Anaweza kuwa alikuwa sahihi. Mwaka 1970 Safari ilishindwa na Datsun 1600, na msije mkanisoma vibaya, nina maana Datsun ndiyo iliyoshinda, wakiwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka uliofuata wawili haohao wakarudia, safari hii kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa 240Z nyingine, baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye ndani ya Datsun. Japani habari hizi zilikuwa kubwa. Mwaka 1969 walikuwa wameshatengeneza filamu nzima juu ya Safari, mwigizaji mkuu Yujiro Ishihara, kipenzi chao, na wakaja kuipigia huku Afrika Mashariki. Ushindi wa Safari ukaingia kwenye matangazo ya Bluebird. Yaani matope yetu, haya haya ya masika tunayoyalaani, yalikuwa maneno ya tangazo kwao. Matangazo yakauza magari, magari yakazeeka, wakayapandisha melini, yakarudi kwetu.

Ile 240Z ya mwaka 1971 ipo hadi leo kwenye ghala la kumbukumbu la Nissan, Zama, mkoa wa Kanagawa. Mwaka 2013 wafanyakazi wao waliifufua ikawaka tena. Na waliifufua ikiwa gari la Safari, na taa zake za ziada mbele na namba ubavuni. Hakuna aliyesema taa zing'olewe ili irudi ilivyokuwa dukani.

Hoja hiyo nilimwandikia mteja wa Nairobi. Niliipanga vizuri, aya tatu, nilikuwa najiona wakili. Nikamkumbusha na yale mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, yanayopita kwa njia za vumbi kama zamani, ambako gari la miaka hamsini linapigwa matope mbele za watu na hakuna anayelia. Akajibu baada ya saa moja, bila hasira: "Lakini dada, hiyo ilishinda. Yenu ilishinda nini?"

Nikampelekea mama simu asome. Aliishika mbali na macho, kama kawaida yake, akasoma mara mbili, akanirudishia. "Muulize hayo magari yake yameozesha wangapi."

Sikumuuliza, lakini nilipomsimulia kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akarudi palepale pa milioni tatu. "Mdogo wangu, mimi pia nililala juu ya magodoro hayo kabla yako. Lakini mvua ikinyesha, nakshi haizuii maji." Hapo hana kosa. Nilipiga hesabu naye, tukaweka bati, mbao za kenchi, ada ya yule mkubwa. Milioni tatu inatosha na inabaki kidogo. Kama tukishikilia mninga, tunaweza kukaa na Datsun chini ya mwembe mpaka masika mengine yatukute na masufuria sakafuni.

Bi mkubwa akaamua, na akishaamua hakuna rufaa. Gari linauzwa. Lakini halianzi kuuzwa Nairobi, linaanza kuuzwa hapa, kwa watu wanaolijua, na anayelichukua analichukua na mbao zake. Mwezi mmoja. Asipopatikana mtu, mteja wa Nairobi apigiwe, abebe na bodi atakavyo, ila mlango wa nyuma wenye maua unabaki. Kisha akanigeukia. "We si ndiye mwandishi? Andika hilo tangazo."

Wenzangu, riwaya ni kazi nyepesi. Siku nne nimekaa na karatasi moja. Kaka alileta lake tayari: INAUZWA!!! Datsun 1200 pick-up, injini A12, inahitaji marekebisho madogo, bei poa, maelewano yapo. Marekebisho madogo, na injini haijazunguka tangu 2016! Lakini nilinyamaza, kwa sababu langu la kwanza lilikuwa baya zaidi. Niliandika: Imebeba kitanda cha mama yako. Nilijiona nimewafikia Wajapani. Kaka akasema, "Ukimtajia mtu mama yake na kitanda kwenye sentensi moja hapa Buguruni, hatuuzi gari, tunazika mtu." Mama alitoka nje kabisa, nikamsikia anacheka jikoni.

La pili lilikuwa na baba ndani yake, jina lake, na mwaka aliofariki. Nililisoma asubuhi nikaona linafanana na tangazo la msiba. Nikakaa na ile karatasi ya Sunny mbele yangu nikajiuliza jirani yetu hapa ni nani, tunamtambia nini, na jibu sikupata, maana jirani mwenyewe analalia kitanda cha baba.

Hadi jana usiku tumefika hapa:

Datsun 1200, pikapu, bodi la mninga. Huenda kitanda cha kwenu kilipanda humu.

Kaka anataka injini itajwe. Mama anataka neno "huenda" liondoke, anasema hakuna cha huenda. Bei hatujaandika, na namba ya simu imewekwa ya mama, kwa amri yake. Jumamosi, kabla wale wa guta hawajapita, nitachapa nakala ishirini na kuzibandika kwenye nguzo kuanzia sokoni mpaka relini.